Kivinjari Kinapokataa Herufi: Kibodi, Uzio na Masasisho ya Linux

Mwezi Septemba 2019, Ubuntu ilitoa sasisho la usalama la IBus, programu inayopokea vitufe vinavyobonyezwa na kuvigeuza kuwa herufi za lugha mbalimbali. Simon McVittie alikuwa amegundua kwamba soketi ya IBus haikulindwa vya kutosha: mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyohiyo, akiijua anwani ya soketi hiyo, angeweza kunasa vitufe anavyobonyeza mwenzake. Kasoro hiyo ilisajiliwa kwa namba CVE-2019-14822, na hakuna aliyebisha kwamba ilipaswa kuzibwa. Lakini sasisho lilipowafikia watumiaji, baadhi ya programu zilizojengwa kwa zana za Qt zikapata hitilafu. IBus na programu hizo zilitumia maktaba tofauti za D-Bus, njia ambayo programu za Linux huitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na sharti jipya la kujitambulisha likazifanya pande mbili zishindwe kuelewana. Ubuntu ikaiondoa tiba, ikasubiri maktaba ya GLib irekebishwe, kisha ikairudisha.

Tukio hilo lina somo kubwa kuhusu tatizo linalowasumbua watumiaji wengi wa Linux hadi leo. Mtu anasasisha mfumo wake, anaiwasha upya kompyuta, anafungua kivinjari. Kurasa zinafunguka, kipanya kinafanya kazi, video inacheza, ila herufi haziandikiki. Au zinaandikika kwenye kihariri cha maandishi na kwenye terminali, lakini ndani ya kivinjari hakuna kitu. Wengi huilaumu kibodi. Wengine hukilaumu kivinjari, wanakiondoa na kukiweka tena, na hali inabaki ileile. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kibodi na kivinjari vyote viwili huwa vizima mara nyingi. Kilichoharibika ni mapatano baina ya kivinjari kilichozungushiwa uzio (sandbox) na msaidizi wa kuandika, kama IBus, aliye nje ya uzio huo. Asiyelijua hilo huishia kuubomoa uzio wenyewe, na kwa kufanya hivyo anajiweka katika hatari kubwa kuliko usumbufu alioukimbia.

Safari ya herufi moja

Kitufe kinapobonyezwa, kerneli ya Linux hupokea namba tu. Namba hiyo haijui kama ni herufi ya Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu. Kwenye mifumo ya sasa inapitia maktaba ya libinput, kisha inafika kwa mfumo unaochora madirisha, ambao ni X11 au Wayland. Huko ndiko inakoamuliwa ni dirisha gani linalotumika kwa wakati huo na ni mpangilio gani wa vitufe uliochaguliwa. Kivinjari kikishaipokea, bado kazi haijaisha. Kama mtumiaji ana msaidizi wa kuandika kama IBus au Fcitx, kivinjari humkabidhi kitufe hicho kwanza, msaidizi anaamua kifanywe nini, kisha anarudisha herufi iliyokamilika.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Kipanya hakipitii kwa msaidizi yeyote, ndiyo maana kinaendelea kufanya kazi. Mikato kama Ctrl na T mara nyingi nayo huendelea kuitika, kwa kuwa haimhitaji msaidizi. Herufi za kawaida ndizo zinazokwenda na zisirudi. Basi mtu anapoona kwamba anaweza kufungua kichupo kipya kwa mkato lakini hawezi kuandika anwani ndani yake, tayari ameshapata nusu ya jibu: kibodi inasikika, na mazungumzo na msaidizi wa kuandika ndiyo yaliyokatika.

Uzio ni wa aina kadhaa

Vivinjari vya leo vina uzio wa ndani na uzio wa nje, na kuchanganya hizi mbili ni chanzo cha makosa mengi. Uzio wa ndani umejengwa na watengenezaji wa kivinjari wenyewe. Firefox na Chromium huitenga michakato inayosoma kurasa za wavuti, ili ukurasa wenye nia mbaya ukishambulia kivinjari usifikie mafaili ya mtumiaji. Michakato hiyo haizungumzi na kibodi moja kwa moja. Anayepokea vitufe ni mchakato mkuu, ulio nje ya uzio huo. Kwa sababu hiyo, kuuzima uzio wa ndani hakuleti tiba ya herufi zilizopotea, isipokuwa kwa nadra sana.

Uzio wa nje ndio unaohusika zaidi. Snap, iliyotengenezwa na Canonical, kampuni ya Ubuntu, hutegemea AppArmor na seccomp, vizuizi vya kerneli ya Linux. Ubuntu iliihamishia Chromium humo katika toleo la 19.10, ikafuata Firefox katika 21.10, na tangu 22.04 watu wengi wanatumia Firefox iliyozungushiwa uzio bila hata kujua. Flatpak, ambayo kabla ya 2016 iliitwa xdg-app, hutumia bubblewrap na kuchuja mazungumzo yote ya D-Bus kupitia mpatanishi aitwaye xdg-dbus-proxy. Firejail nayo huongezwa na mtumiaji mwenyewe juu ya kivinjari cha kawaida, ikifuata kanuni zilizoandikwa katika mafaili yake ndani ya /etc/firejail.

Kila uzio una mlango wake wa kuwafikia wasaidizi wa kuandika. Katika Snap, ruhusa hiyo imo katika kiunganishi cha desktop-legacy. Katika Flatpak, kivinjari hupitia malango maalumu, yaani org.freedesktop.portal.IBus au org.freedesktop.portal.Fcitx. Katika Firejail hakuna lango lililosanifiwa kwa ajili ya kazi hiyo. Soketi ya msaidizi lazima ionekane kutoka ndani, na kanuni za D-Bus ziiruhusu. Tofauti hizi ndizo zinazofanya ushauri uliomponya mtumiaji wa Flatpak usimfae kabisa mtumiaji wa Snap.

Kwa nini tatizo huja baada ya sasisho

Kivinjari chenye uzio hubeba sehemu kubwa ya vifaa vyake, zikiwemo maktaba zinazozungumza na msaidizi wa kuandika. Msaidizi mwenyewe anakaa nje na anasasishwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo pande mbili zinazopaswa kuelewana husogea kwa kalenda mbili. Snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku kwa kawaida yake, ilhali mfumo wenyewe mara nyingi husasishwa pale msimamizi anapotoa amri. Siku upande mmoja unapobadilisha lugha ya mazungumzo kabla ya mwenzake, herufi zinakoma.

Sababu ya pili ni mahali soketi inapokaa. Kwa muda mrefu IBus ilitumia soketi za dhahania, zile zisizo na faili kwenye diski. Soketi za namna hiyo zimefungwa na eneo la mtandao: programu ikipewa eneo lake la mtandao, kama Firejail inavyofanya kwa chaguo la net, haiwezi tena kuzifikia. Baadaye IBus ilihamia kwenye faili la soketi ndani ya folda ya .cache/ibus ya mtumiaji. Mabadiliko hayo yaliondoa kikwazo kimoja na kuleta kingine, kwa kuwa kanuni za uzio ambazo hazikuitaja folda hiyo zinaificha. Mtumiaji hakugusa chochote, ila anwani imehama.

Sababu ya tatu ni kuhama kutoka X11 kwenda Wayland. X11 ilizaliwa mwaka 1987, na katika muundo wake programu yoyote iliyounganishwa inaweza kusikiliza vitufe vinavyokwenda kwa nyingine. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, iliufunga mwanya huo: vitufe hupelekwa kwa dirisha linalotumika tu. Fedora 25 iliifanya kuwa chaguo la kwanza mwishoni mwa 2016, KDE Plasma 6 ikafuata Februari 2024, na Firefox 121 ya Desemba 2023 ikaanza kuitumia moja kwa moja badala ya kupitia daraja la XWayland. Kwa mtumiaji aliyekuwa ameweka vigeu vya mazingira kama GTK_IM_MODULE na QT_IM_MODULE miaka mingi iliyopita, mahitaji ya wakati wa X11 yanaweza kugeuka kuwa kizuizi. Kigeu kinakilazimisha kivinjari kitafute moduli ambayo haimo ndani ya uzio, ilhali Wayland ina itifaki yake ya kuandika ambayo ingefanya kazi hiyo bila msukumo wowote.

Sababu ya nne ni kanuni za uzio zenyewe kukazwa. Firejail ilipopata uwezo wa kuchuja D-Bus kwa undani, mafaili ya kanuni zake yaliandikwa upya, na mengi yakaanza na katazo kisha yakaruhusu kimojakimoja. Ubuntu 24.04 nayo iliwekea mipaka matumizi ya namespaces (maeneo yaliyotengwa ambayo vivinjari huyatumia kujenga uzio wao) kwa watumiaji wa kawaida kupitia AppArmor, hatua iliyofanya vivinjari vilivyopakuliwa nje ya hazina rasmi vishindwe hata kufunguka. Hatua zote hizo zina sababu nzuri. Gharama yake ni kwamba kilichokuwa kikipita kimyakimya jana, leo kinahitaji ruhusa iliyoandikwa.

Namna ya kupima

Fundi wa bomba hachimbi ukuta mzima. Anaanza kwenye mita, anafuata bomba hadi mahali maji yanapokatika. Kanuni ni hiyohiyo hapa. Anza na mfumo mzima: bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia kwenye skrini ya maandishi matupu, ujaribu kuandika. Herufi zikitokea, kerneli na kibodi ni nzima. Rudi kwenye madirisha, andika kwenye programu isiyo na uzio. Ikikubali, mfumo wa madirisha nao ni mzima. Kwa uhakika zaidi, amri ya wev kwenye Wayland au xev kwenye X11 huonyesha kila kitufe kinavyopokelewa.

Hatua inayofuata ni kujua kivinjari chako kiko ndani ya uzio gani. Amri za snap list na flatpak list zitakujibu, na kwa Firejail kuna firejail --list wakati kivinjari kikiwa wazi. Ndani ya Firefox, ukurasa wa about:support unaonyesha kama dirisha linatumia X11, XWayland au Wayland. Hapohapo unaweza kuwasha hali ya utatuzi inayozima viendelezi, kwa sababu kiendelezi kinachonasa vitufe huweza kuleta dalili zinazofanana sana na hizi. Angalia pia kama upau wa anwani unakubali herufi na ukurasa unakataa. Ikiwa ndivyo, tatizo limo ndani ya kivinjari au kwenye ukurasa huo. Vyote viwili vikikataa, tazama nje.

Kisha jaribio lenye nguvu kuliko yote: fungua kivinjari mara moja bila msaidizi wa kuandika. Kwa kivinjari kilichofunguliwa ndani ya Firejail, amri ni env GTK_IM_MODULE=gtk-im-context-simple firejail firefox. Kwa Flatpak, ni flatpak run --env=GTK_IM_MODULE=gtk-im-context-simple org.mozilla.firefox. Funga kwanza madirisha yote ya kivinjari hicho, la sivyo amri itafungua dirisha jipya ndani ya mchakato wa zamani na jaribio halitakuwa na maana. Herufi zikirudi, umethibitisha kwamba msaidizi ndiye aliyekatika, na huna haja ya kupoteza muda kwingine.

Mwisho, soma kumbukumbu za mfumo. Amri ya journalctl -k ikichujwa kwa neno DENIED huonyesha mahali AppArmor ilipokataa. Na kwa kuwa tatizo limekuja baada ya sasisho, orodha ya vilivyobadilika ipo: /var/log/apt/history.log kwa Debian na Ubuntu, dnf history kwa Fedora, /var/log/pacman.log kwa Arch, snap changes kwa Snap, na flatpak history kwa Flatpak. Ukiona ibus, fcitx5, glib, snapd au firejail katika orodha ya siku hiyo, unajua pa kuanzia.

Tiba zinazofaa

Tiba ya kwanza ni nyepesi na mara nyingi inatosha: kuwasha upya msaidizi wa kuandika, kisha kivinjari. Sasisho hubadilisha faili kwenye diski, lakini mchakato wa zamani unaweza kuendelea kuishi kwenye kumbukumbu na kuzungumza lugha ya zamani. Amri ya ibus restart, au kutoka na kuingia tena kwenye akaunti, huzirudisha pande mbili kwenye toleo moja.

Isipotosha, fuata mlango wa uzio unaohusika. Katika Snap, snap connections firefox itaonyesha kama desktop-legacy imeunganishwa. Kama toleo jipya ndilo lenye kasoro, snap revert firefox hurudisha lililotangulia. Lakini usikae nalo muda mrefu, maana kivinjari cha zamani ni mwaliko kwa wavamizi. Katika Flatpak, flatpak info --show-permissions huonyesha ruhusa zilizopo, na flatpak override --user --show huonyesha zile ulizobadilisha wewe mwenyewe na pengine ukazisahau. Kuzifuta kwa --reset kumewatatulia wengi, kwa kuwa lango la IBus na la Fcitx hupitishwa na Flatpak bila ruhusa ya ziada. Katika Firejail, usihariri faili kuu la kanuni, kwa sababu sasisho lijalo linaweza kugongana na mabadiliko yako. Andika nyongeza zako katika ~/.config/firejail/firefox.local, uruhusu folda ya soketi na jina la D-Bus la msaidizi wako peke yake.

Kwa walio kwenye Wayland, kagua vigeu vya zamani katika ~/.profile, ~/.xprofile na /etc/environment. Kwenye GNOME na KDE za karibuni, kuviondoa kabisa mara nyingi ni bora kuliko kuvirekebisha.

Tiba zinazoua

Kuna ushauri unaozunguka sana, na unapaswa kukataliwa waziwazi. Wa kwanza ni kufungua Chromium kwa --no-sandbox. Chaguo hilo linauzima uzio wa ndani, ule ambao hauhusiki na kibodi, na linakiacha kivinjari kisome kurasa za dunia nzima kikiwa na uwezo wote wa mtumiaji. Wa pili ni amri ya xhost +, inayofungua X11 kwa kila anayebisha hodi. Wa tatu ni kuizima AppArmor kwa mfumo mzima kwa sababu ya programu moja. Wa nne ni kuacha kusasisha. Kivinjari ndicho kinachobeba nenosiri la benki, barua pepe na kazi za ofisi. Mtu anayezima ulinzi wake ili aweze kuandika, anaandika siri zake mbele ya mlango ulio wazi.

Haikatazwi kufungua kivinjari bila Firejail kwa dakika chache ili kupima. Hatari ni pale kipimo kinapogeuka kuwa mazoea.

Nani hasa anaumia

Anayeandika Kiingereza kwa mpangilio wa Marekani anaweza kuishi miaka mingi bila kumhitaji msaidizi yeyote, na akipatwa na tatizo hili, kumzima msaidizi kunamtosha. Anayeandika Kichina, Kijapani au Kikorea hana njia hiyo, kwa kuwa bila msaidizi hakuna maandishi. Kati ya hao wawili wako wengi wanaosahaulika. Orodha ya mipangilio ya Linux ina Kiswahili cha Tanzania, Kiswahili cha Kenya, Kikuyu na Kifaransa cha Kongo. Mwandishi wa Kikuyu anahitaji ĩ na ũ. Mwandishi wa Bujumbura au Lubumbashi anayetumia kibodi ya Kifaransa anahitaji kitufe kinachosubiri herufi inayofuata ili kuiwekea alama. Vitufe hivyo hutegemea jedwali la michanganyiko ambalo programu hulisoma kulingana na lugha ya mfumo. Uzio unapobeba mipangilio pungufu ya lugha, jedwali linakosekana na alama zinapotea. Faili la ~/.XCompose, ambamo mtu huandika michanganyiko yake mwenyewe, huenda lisisomeke ndani ya Snap, kwa sababu ruhusa ya kawaida ya folda ya nyumbani haihusishi mafaili yanayoanza na nukta.

Hata Kiswahili, ambacho herufi zake zote zimo kwenye kibodi ya kawaida, hakijasalimika. Kwenye mpangilio wa kimataifa wa Marekani, alama ya ritifaa husubiri irabu inayofuata, na ng'ombe hutokea kuwa ngómbe. Mwandishi aliyezoea njia fulani ya kulikwepa hilo hushtuka sasisho linapoibadilisha. Kwa watumiaji wote hawa, ushauri wa kumzima msaidizi na kuendelea na kazi ni sawa na kuwaambia waache kuandika lugha zao.

Hukumu

Uzio haukukosea, na masasisho hayakukosea. Kilichopungua ni upimaji. Watengenezaji wa mifumo ya Linux huhakikisha kwamba kivinjari kinafunguka na kucheza video kabla ya kutoa toleo. Wahakikishe pia kwamba ndani ya uzio kinaandika kwa IBus, kwa Fcitx, kwa vitufe vinavyosubiri na kwa lugha zisizo Kiingereza. Malango ya Flatpak yameonyesha njia iliyo bora, ambapo mlango ni mmoja, mwembamba na unajulikana kwa jina. Kila aina ya uzio ingefaa kufuata mfano huo.

Wasimamizi wa kompyuta shuleni, ofisini na kwenye maktaba wanapaswa kusasisha mashine moja kwanza, waandike humo kwa lugha zote zinazotumiwa na watu wao, ndipo wasasishe zilizobaki. Nawe msomaji, ukikutwa na tatizo hili, ripoti kwa ukamilifu: jina na toleo la mfumo, aina ya uzio, X11 au Wayland, msaidizi unayemtumia, mpangilio wa vitufe, na kitu kilichosasishwa siku hiyo. Ripoti ya namna hiyo kuhusu Kikuyu au Kiswahili ina uzito mkubwa kuliko malalamiko mia yasiyo na maelezo, kwa kuwa wanaotengeneza programu hizi hawawezi kurekebisha wasichokiona. Sasisha mfumo wako, ulinde uzio wako, na udai kwamba uzio huo ujifunze lugha yako.